Mgeni wa Thenashara Taifa

Mwishoni mwa mwaka 1729 Ngome ya Mombasa ilikuwa haina mwenyewe. Wareno, waliotolewa na Waarabu wa Oman mwaka 1698 kisha wakarudi 1728, walikuwa wametoka tena, na safari hii hapakuwa na manowari ya Maskati iliyowatoa. Waliowatoa ni watu wa mji wenyewe na jirani zao wa bara. Mizinga ilikuwa mikononi mwao, bandari ilikuwa mikononi mwao, na hapakuwa na mfalme wa kuwakataza wasimtawaze mmoja wao. Hawakumtawaza. Walichagua wajumbe katika taifa za mji, na tarikhi ya Mombasa yasema Wamijikenda nao walipeleka watu wao, wakavuka bahari hadi Oman kumwomba Imamu Seif bin Sultan awape liwali.

Kisa hiki husimuliwa upesi upesi. Mombasa ikarudi chini ya Oman, basi, na msimulizi akasonga mbele. Mimi hukwama hapo. Aliyeshinda vita nyumbani kwake ana haja gani ya kwenda ng'ambo kuomba wa kumtawala? Wapo wanaosema ni unyonge, na wapo wanaosema ni mapenzi ya dini. Yote mawili huenda yana chembe ya ukweli. Lakini ukizijua zile nyumba zilizopeleka wajumbe, utaona kwamba ilikuwa hesabu, tena hesabu ya watu waliojuana mno.

Nyumba hizo zaitwa Thenashara Taifa, yaani taifa kumi na mbili, na zimegawanyika pande mbili. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Yasome majina hayo polepole. Mengi ni majina ya miji mingine. Mtwapa ulikuwa mji wa mawe wenye misikiti yake, na Kilifi vilevile. Shaka ulikuwa huko karibu na mlango wa Mto Tana. Paza ndiyo Faza ya leo, katika kisiwa cha Pate. Vita vya Wareno, ukame, na kusukumwa na Wagalla walioshuka kutoka kaskazini viliihamisha miji ya pwani ya bara mmoja baada ya mwingine katika karne ya 16 na ya 17, na watu wake wakavuka maji wakaingia kisiwani. Waliingia na mashehe wao, nasaba zao, wafu wao na jina la mji wao. Kwa hiyo Mombasa haikuwa mji mmoja. Ilikuwa miji mingi iliyobanana katika kisiwa kimoja, na kila mmoja ulikumbuka kwamba zamani ulikuwa na mlango wake wenyewe.

Neno mlango nalitumia kwa makusudi. Kwa Waswahili mlango ni ule wa mbao unaofungwa kwa komeo, na mlango ni ukoo pia. Mtu ni wa taifa fulani, mbari fulani, mlango fulani. Juu ya taifa alikaa mzee aliyeitwa tamimu, aliyezungumza kwa niaba ya watu wake. Nje ya mji kila upande ulikuwa na marafiki wake wa bara, kwa mapatano ya biashara na ya vita. Wadigo, kwa mfano, walikuwa wa Thelatha Taifa. Tamimu aliyenuna mjini aliweza kuleta mishale kutoka ng'ambo ya Likoni kabla ya jua kutua.

Na wafalme wao je? Walikuwapo. Mapokeo humtaja Mwana Mkisi, malkia wa kwanza, kisha Shehe Mvita, ambaye mji huitwa kwa jina lake mpaka leo. Ukoo wa Kishirazi uliotawala baada yao ulikatika kwa Shaho bin Misham, aliyekufa vitani karibu na mwaka 1592 alipogombana na Malindi, na Wasegeju wa bara wakaingia kati. Wareno, walioanza kujenga Ngome mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, walimleta rafiki yao Sultani Ahmad wa Malindi awe mfalme wa Mombasa. Angalia hapo: mfalme tayari ni mgeni. Mwanawe Hasan aliuawa bara mwaka 1614, kwa njama ya hao hao Wareno. Mjukuu, Yusuf bin Hasan, walimchukua mtoto hadi Goa, wakambatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia, wakamrejesha mwaka 1626 kuketi kwenye kiti cha baba yake. Agosti 1631 aliingia Ngomeni, akamuua kapteni kwa mkono wake, akarudi katika Uislamu na kuua karibu kila Mreno aliyekuwako. Mwaka uliofuata aliibomoa ngome kiasi alichoweza, akapanda jahazi, akawa haramia baharini. Baada yake Mombasa haikuwa na mfalme tena. Pengo hilo ndilo lililojazwa na matamimu.

Sasa jaribu kumchagua mfalme mpya mwaka 1729. Akiwa Mmvita, Wakilindini hawatamkubali. Wao walikuwa na mji wao upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye maji ya kina yaliyowapa jina, na hawakuona kwa nini wainamie mji wa mashariki. Akiwa Mkilindini, taifa tisa zitasema watatu hawawatawali tisa. Na hata ndani ya hizo tisa, Mmtwapa atauliza Mjomvu ni nani. Vita vya Mvita na Kilindini vilishapiganwa, na kila mtu alijua idadi ya makaburi.

Hali hii si ya Mombasa peke yake, na hapa naomba tuvuke bahari kidogo. Miji ya Italia ya kaskazini katika karne ya 12 na ya 13 ilikuwa na maradhi yale yale. Nyumba tajiri za Genoa, Bologna au Florence zilijenga minara ya mawe juu ya paa zao, zikarushiana mishale kutoka dirisha hadi dirisha. Hakuna iliyokubali kuhukumiwa na jirani. Dawa waliyoibuni ilikuwa kuajiri mtu wa mji mwingine, wakamwita podestà. Genoa ilianza miaka ya 1190. Huyo bwana alikuja na mahakimu wake na askari wake, akapewa mwaka mmoja, baadaye miezi sita tu, na miji mingi ilimkataza kula kwa raia au kuoana nao. Muda ukiisha hakuachiwa kuondoka hadi hesabu zake zikaguliwe. Kilichotakiwa kwake ni ugeni wake, kutokuwa na shangazi mjini.

Venice ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1297 nyumba kubwa zilifunga mlango wa Baraza Kuu, wasioandikwa wakabaki nje, na baadaye ukawekwa mpango wa kuandikisha kila ndoa na kila mtoto wa kiungwana. Nuremberg, huko Ujerumani, ilitoa amri mwaka 1521 iliyotaja koo ambazo ziliruhusiwa kucheza dansi katika ukumbi wa mji. Mtu aliweza kuwa na dhahabu ya kujaza pipa na bado akabaki kusikiliza zumari kutoka barabarani.

Msomaji wa Mombasa hatashangaa sana. Uungwana wa Mji wa Kale nao ulikuwa na orodha yake, ila haikuandikwa kwenye daftari. Ilikuwa vichwani mwa mabibi. Posa ikija, bibi huulizwa, na bibi hujua nyanya wa nyanya wa yule kijana alikuwa nani na alinunuliwa wapi, ikiwa alinunuliwa. Sheria ya kufu ilifanya kazi hiyo kwa ukali. Mwanamume aliweza kuoa chini, mwanamke hakuolewa chini ya kufu yake. Nasema ikiwa alinunuliwa kwa sababu hatuna haki ya kuusifu uungwana tukasahau kwamba kinyume chake kilikuwa utumwa. Nyumba ya Ndia Kuu yenye zidaka za chokaa na daka la kupokelea wageni ilisimama kwa mtama na mpunga uliolimwa na watu wasiomiliki hata miili yao. Na ngoma hazikukosekana: katika karne ya 20 wanawake wa Mombasa walishindana kwa vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, wakimaliza fedha za waume zao kwa sare na karamu ili wenzao wasipate la kusema. Nuremberg ilihitaji amri ya baraza. Mombasa ilihitaji kuaibishana tu.

Turudi Oman. Imamu alipeleka liwali, akafuata mwingine, na katika miaka ya 1730 akaja Muhammad bin Uthman al-Mazrui, mtu wa kabila lenye asili ya Rustaq. Hapo ndipo podestà wa Mombasa alipopatikana. Mfano wangu, hata hivyo, huanza kuchechemea hapo hapo, kwa sababu huyu hakuondoka.

Kule Oman nasaba ya Yaarubi, ukoo wa Imamu Seif, ilianguka na Ahmad bin Said al-Busaidi akashika uimamu katika miaka ya 1740. Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Hoja yake, kama ilivyohifadhiwa katika tarikhi, ilikuwa nyepesi: huyo Ahmad alikuwa liwali wa Sohar kama mimi nilivyo liwali wa Mombasa, naye amejichukulia alichokuwa akikishika, basi nami nimechukua changu. Imamu Ahmad akatuma watu waliojifanya wamekosana naye. Walikaribishwa Ngomeni, na mwaka 1746 wakamuua mwenyeji wao. Ndugu yake Ali bin Uthman alifungwa humo humo.

Yaliyofuata ndiyo yanayonishawishi kuhusu ile hesabu. Ali alitoroka, na watu wa mji walimficha na kumpigania, wao na marafiki zao wa bara. Walivamia Ngome wakairudisha, wakampa yeye. Mara ya pili katika kizazi kimoja, wenyeji wameshika ngome kwa jasho lao na mara ya pili wameikabidhi kwa Mwarabu wa Oman. Tofauti ni kwamba safari hii Imamu hakuhusika. Mazrui alikuwa liwali wa Thenashara Taifa. Kila aliyekuja baada yake ilimpasa akubaliwe na matamimu wa pande zote mbili, na aliyesahau alikumbushwa.

Kwa karibu miaka 90 mpango huo ulisimama. Mazrui alikaa Ngomeni, nje kidogo ya mji, kati ya pande mbili na juu yao kwa kiasi walichomruhusu. Mashauri ya Tisa Taifa yalipitia kwa shehe wao, ya Thelatha Taifa kwa wa kwao. Wakilindini walikwisha kuhama kutoka upande wao wa magharibi wakajenga ubavuni mwa Mvita, na kusogeleana huko bila kuchinjana ni ushahidi kwamba mgeni alikuwa akiifanya kazi aliyoitiwa. Pemba ilikuwa chini ya Mombasa, mchele wake ukalisha mji na kodi yake ikamlisha liwali. Ali bin Uthman alijaribu hata Unguja, akauawa huko huko vitani na mtu wa ukoo wake mwenyewe. Akafuata Masud bin Nasir, aliyetawala kwa utulivu hadi 1779, kisha kizazi cha Muhammad bin Uthman: Abdallah, halafu Ahmad, aliyeshika usukani hadi 1814.

Lakini mgeni anayekaa miaka 90 huoa. Mazrui walioa mjini, wakaoa bara, wakazaa watoto wasemao Kimvita kabla ya Kiarabu, na wengi wao hatimaye wakaacha madhehebu ya Ibadhi wakawa Mashafii kama jirani zao. Walipata mashangazi. Kila ndoa iliwavuta upande mmoja, na upande mwingine ulikuwa ukitazama kutoka barazani.

Lamu, kwa taarifa, waliitafutia shida hiyo hiyo dawa yao. Mapokeo ya huko yasema pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilishika uongozi kwa zamu, miaka minne minne. Sijui kama zamu zilikwenda sawasawa hivyo, lakini hata kwa Lamu dawa iliishiwa nguvu. Mazrui na Pate walipoishambulia Lamu karibu na mwaka 1812 na kuvunjika vibaya pale Shela, watu wa Lamu, kwa hofu ya kulipiziwa, walimwita Seyyid Said bin Sultan wa Maskati. Wakapata liwali na askari. Hawakumrudisha tena.

Kuanzia hapo kamba ilianza kukaza shingoni mwa Mombasa. Pemba ikapotea mwaka 1823, na mchele nao. Mwaka uliofuata Mazrui walipandisha bendera ya Uingereza kwa mkono wa Kapteni Owen, ambaye hakuwa ametumwa kufanya hivyo. Luteni Reitz, aliyeachwa nyuma kuusimamia ulinzi huo, alikufa kwa homa mwaka huo huo, jina lake likabaki kwenye hori la Port Reitz. London haikuutaka mzigo, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Seyyid Said akaja na meli zake mara kadhaa kati ya 1828 na 1833. Alipiga mizinga, akaandikiana mikataba na Mazrui, mikataba ikavunjika. Muyaka bin Haji, mshairi aliyekuwa akiketi na mabwana wa Ngomeni, alivitazama vita hivyo mwanzo hadi mwisho. Kwa silaha Seyyid Said hakuipata Mombasa hata mara moja kwa kudumu.

Aliipata bila vita. Salim bin Ahmad, liwali mgumu aliyekuwa akizuia mizinga yote hiyo, alifariki mwaka 1835, na Mazrui wakagombania kiti wao kwa wao. Podestà aligeuka kuwa ukoo wa kumi na tatu wenye ugomvi wake wa mirathi kama zile kumi na mbili. Sasa afaa nini? Hapo shehe wa Wakilindini na wazee wa Thelatha Taifa walifanya jambo ambalo babu zao walilifanya mwaka 1729. Walipeleka neno kwa mtawala wa Oman, kwamba mlango uko wazi.

Upande wa pili wengi waliliita hilo usaliti, na pengine wajukuu wao bado huliita hivyo. Kwangu, Wakilindini walitumia kanuni ile ile ya mji: mwamuzi akishakuwa jamaa wa mshindani wako, tafuta mwamuzi mwingine. Kosa lao lilikuwa katika kipimo. Mwaka 1729 walimwomba Imamu aliye mbali, mwenye vita nyumbani kwake, ambaye hakuweza kuwa zaidi ya jina. Mwaka 1837 walimwita mtu aliyekuwa akihamishia ufalme wake Unguja, mwendo wa siku chache tu kwa pepo za kusi.

Seyyid Said alifika mwanzoni mwa 1837, akapokewa, askari wake wakaingia Ngomeni. Liwali wa mwisho wa Mazrui, Rashid bin Salim, alikubali akae mjini. Miezi haikupita mingi. Wakubwa wa Mazrui wapatao 25 walikaribishwa barazani, wakakamatwa, wakapakiwa melini, wakaishia gerezani Bandar Abbas, ng'ambo ya Ghuba. Hawakurudi. Ukoo uliosalia ulikimbia kwa makundi mawili, moja likaenda Takaungu kaskazini, jingine Gazi kusini, wakaanza mashamba na tawala ndogo mpya.

Thelatha Taifa walipata heshima na posho kutoka Unguja kwa muda. Walichopoteza, wao na Tisa Taifa pamoja, ni ile haki ya kumkubali au kumkataa liwali. Kuanzia hapo liwali wa Mombasa aliteuliwa Unguja, na matamimu waliitwa wakati wa kusikiliza, si wakati wa kuchagua.

Mwaka 1895 mwanawe Rashid, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekwisha kuwasumbua masultani mara nyingi, aliingia vita na Waingereza, ambao sasa walikuwa wamerudi na kuishika pwani. Ugomvi ulianzia Takaungu, juu ya nani arithi huko, na pwani nzima ikawaka hadi Aprili 1896, Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Miongoni mwa waliokuwa naye alikuwa Hamisi wa Kombo, shehe wa Wamtwapa. Taifa moja katika zile tisa, karibu miaka 60 baada ya Bandar Abbas, ilikuwa bado inamfuata liwali wake wa zamani.

Waingereza waliuweka uliwali, wakampa Salim bin Khalfan al-Busaidi, kisha mwanawe Ali bin Salim. Lakini walileta pia karatasi. Baada ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, Thelatha Taifa walisimama mbele ya mahakama kudai ardhi ya taifa, ikiwamo ile ya upande wa magharibi wa kisiwa, walikotoka babu zao na ambako sasa reli ilikuwa imeanzia na gati zilikuwa zikiinuka. Walikuwa na ushahidi wa wazee na makaburi. Mahakama ilitaka mwenye shamba mwenye jina moja na mipaka inayopimika, na umiliki wa taifa nzima haikuutambua. Papo hapo serikali iliwagawa watu kwa rangi, huyu Mwarabu, huyu mzalia, na Thenashara Taifa, ambao kwa karne mbili ndio waliokuwa wakiamua nani mgeni, walijikuta wakiandika barua kueleza wao ni nani.

Majina hayakupotea. Katika majimbo sita ya uchaguzi ya Kaunti ya Mombasa, matatu ni Mvita, Jomvu na Changamwe, na wagombea kutoka kila pembe ya Kenya huyatangaza kwa vipaza sauti. Mazrui nao walirudi kwa kalamu: Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947, aliandika tarikhi ya ukoo wake kwa Kiarabu, na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alipofia Marekani Oktoba 2014 alisafirishwa kuja kuzikwa kwenye makaburi ya jamaa yake, mkabala wa Ngome.

Kuhusu Wakilindini, ukiwatafuta usiende bandarini. Huko kuna makontena. Msikiti wa Kilindini uko upande wa pili wa kisiwa, ndani ya Mji wa Kale, na jina lake jingine ni Msikiti wa Thelatha Taifa.